Uwanja ni wa Wote, Sauti ni ya Nani?

Katikati ya jiji la Columbus, Ohio, jengo la bunge la jimbo limezungukwa na uwanja wa ekari 10. Ni ardhi ya serikali, lakini kwa zaidi ya karne moja watu wameutumia kuhutubia, kuandamana na kusherehekea, kila mmoja na lake. Desemba 1993 bodi inayosimamia uwanja huo iliruhusu mti wa Krismasi wa jimbo, ikaruhusu pia kikundi binafsi kusimamisha menora, kile kinara cha taa ambacho Wayahudi hukiwasha siku za Hanuka. Likafuata ombi jingine. Ku Klux Klan walitaka kusimamisha msalaba.

Kwa msomaji ambaye historia hii iko mbali naye: Klan ni kundi la Wazungu lililozaliwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, likajijengea jina kwa kuwapiga watu Weusi, kuwachomea nyumba na kuwaua. Katika karne ya 20 msalaba unaowaka moto ukawa alama yao ya kutishia. Mtu Mweusi aliyeamka usiku akaukuta nje ya nyumba yake alijua ameambiwa ahame au afe. Bodi ikakataa ombi lao. Wakaenda mahakamani, jaji akaamuru wapewe kibali, na msalaba ukasimama. Baada ya hapo bodi ikapokea maombi ya watu wengine waliotaka nao kusimamisha misalaba uwanjani hapo, ikayakubali.

Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 7 dhidi ya 2, kwamba Klan walikuwa na haki ya kupewa kibali. Jaji Antonin Scalia alieleza kwamba uwanja ulikuwa wazi kwa wote, kibali kiliombwa kwa utaratibu uleule wanaoufuata wengine, na maneno ya mtu binafsi hayageuki kuwa ya serikali kwa sababu tu yamesemwa juu ya ardhi yake. Jaji Clarence Thomas, Mweusi pekee katika jopo lile, alikubaliana na uamuzi lakini akaandika ukurasa wake mwenyewe: msalaba wa Klan, kwa maoni yake, ulikuwa siasa ya chuki iliyovaa vazi la dini. Majaji John Paul Stevens na Ruth Bader Ginsburg walipinga, wakihofia kwamba mpita njia akiona msalaba mtupu mbele ya jengo la bunge ataelewa kuwa serikali ndiyo inayosema.

Mimi ni Mlutheri kutoka Kilimanjaro. Nimehamia Ohio, nimekuwa raia, na uwanja huo naupita mara nyingi. Kesi hii nimeisoma nikiwa mtu Mweusi na nikiwa Mkristo, na naunga mkono wale majaji 7. Sisemi hivyo kwa wepesi. Lakini kama diwani au ofisa wa bodi angekuwa na uwezo wa kuchagua msalaba upi ni mzuri na upi ni mbaya, basi siku moja angechagua na wa kwangu. Mtu aachwe apaze sauti ya imani yake kwenye uwanja wa umma, hata yule ambaye maneno yake yananiumiza. Serikali yenyewe ndiyo isihubiri. Na nikisema isihubiri, nasema kama muumini anayeupenda msalaba na asiyetaka kuuona ukishikwa na mkono usiouheshimu.

Nimekulia Tanzania, ambako "serikali haina dini" ni maneno ambayo mtoto huyasikia kabla hajajua kuyaeleza. Hata hivyo Krismasi na Idi zote ni sikukuu za taifa, na hafla ya wilaya inaweza kufunguliwa kwa dua ya shehe na sala ya padri, mmoja akimpisha mwenzake. Ibara ya 19 ya Katiba inaweka shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwetu mambo haya huendeshwa zaidi kwa busara na mazoea kuliko kwa kesi. Marekani ni tofauti. Huku watu wamepelekana mahakamani kwa ajili ya sanamu ya Mtoto Yesu na kulungu wa plastiki, na majaji wenye mvi wamekaa kupima umbali kati ya hivyo viwili.

Chanzo ni Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1791. Yanakataza Bunge kutunga sheria ya kusimika dini, na papo hapo yanalikataza kuzuia watu kufuata dini zao. Wengi wanaoyasikia leo hudhani yaliandikwa na watu waliotaka dini ipotee machoni. Ukifuatilia nani alipiga kelele kuyadai, utawakuta wahubiri.

Massachusetts ya karne ya 17 ilikuwa nchi ya Wapuritani, Waprotestanti wakali waliotoka Uingereza, na kanisa lao lilikuwa na nguvu za dola. Mwaka 1659 walipiga marufuku Krismasi yenyewe, faini shilingi 5 kwa atakayekutwa akiisherehekea, na sheria hiyo haikufutwa mpaka 1681. Nasisitiza hilo kwa sababu kila Desemba nasikia watu hapa wakilalamika kwamba Krismasi inapigwa vita. Serikali iliyowahi kuipiga vita kweli katika ardhi hii iliundwa na Wakristo wacha Mungu. Mwaka 1660, huko Boston, wakamnyonga mwanamke aitwaye Mary Dyer kwa kosa la kuwa Mkweka, yaani mfuasi wa dhehebu jingine la Kikristo, na kurudi baada ya kufukuzwa. Leo sanamu yake ya shaba imekaa nje ya jengo la bunge la Massachusetts. Kati ya alama zote zenye uhusiano na dini kwenye ardhi za serikali za Marekani, hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa ni serikali inayokiri ilichofanya ilipoukamata uchungaji.

Virginia nako, kabla ya uhuru, wahubiri wa Kibaptisti walifungwa jela kwa kuhubiri bila leseni. James Madison, akiwa kijana, aliyaona hayo karibu na kwao na yakamchoma. Yeye na Thomas Jefferson ndio waliopigania sheria ya uhuru wa dini ya Virginia, iliyopita mwaka 1786. Huko Connecticut Wabaptisti waliendelea kuishi chini ya kanisa rasmi ambalo si lao, wakilazimika kuwasilisha cheti ili wasilipe kodi ya kumtunza mchungaji wa wengine. Wale wa Danbury wakamwandikia Jefferson, aliyekuwa Rais wakati huo. Aliwajibu tarehe 1 Januari 1802, na ndani ya barua hiyo ndimo yalimo maneno yake maarufu kuhusu ukuta wa utengano kati ya kanisa na dola. Siku hiyohiyo alipokea zawadi kutoka kwa John Leland, mhubiri wa Kibaptisti wa Massachusetts: jibini moja la kilo zaidi ya 500, lililotengenezwa na waumini na majirani wa mji wake. Watu waliosafirisha mzigo huo kwa mamia ya kilomita wakati wa baridi walikuwa wakishukuru kutoka moyoni. Walimshukuru mwanasiasa aliyeahidi kuwaacha wamwabudu Mungu bila msaada wake.

Sasa twende Pawtucket, mji wa viwanda katika Rhode Island. Mwaka 1973 jiji lilinunua sanamu za pango la Krismasi kwa dola 1,365: Mtoto Yesu, Mariamu, Yusufu, malaika, wachungaji, mamajusi na wanyama. Kila mwaka zilipangwa katika bustani ya taasisi moja binafsi, pamoja na nyumba ya Baba Krismasi, kulungu wanaovuta kigari chake, mti wenye taa, bango la kuwatakia watu heri ya msimu, na sanamu za kikaragosi, tembo na dubu wa kuchezea. Baadhi ya wakazi wakashtaki. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikaamua 5 dhidi ya 4 kwamba jiji halijavunja Katiba. Jaji Mkuu Warren Burger aliona pango lile ni sehemu ya kuadhimisha sikukuu inayotambuliwa na taifa, na kwamba lina sababu za kidunia za kuwapo.

Makanisa mengi yalishangilia. Mimi nikisoma hukumu ile sioni cha kushangilia. Ili pango lishinde, mawakili wa jiji walilazimika kuthibitisha kwamba halisemi sana. Kuzaliwa kwa Mwokozi kulipita mahakamani kwa kusindikizwa na kikaragosi na tembo. Jaji Harry Blackmun, katika maoni yake ya kupinga, aliliona hili vizuri kuliko maaskofu wengi: kwamba kwa ushindi huo Wakristo wanabanwa wasitaje maana ya alama yao, na wasio Wakristo wanabaki kujiona wageni, yaani kila upande umepoteza. Jaji Sandra Day O'Connor alikuwa upande wa walioshinda, lakini ndiye aliyeandika maneno ambayo wageni kama sisi tunayaelewa bila kufundishwa. Alisema serikali ikiidhinisha dini fulani, inawaambia wasioifuata kwamba wao ni watu wa nje, hawajakamilika kama wanajamii, na inawaambia wanaoifuata kwamba wao ndio wenye nyumba.

Miaka mitano baadaye, 1989, kesi ikatoka Pittsburgh. Ndani ya jengo la mahakama la kaunti, kwenye ngazi kuu, kikundi cha Wakatoliki kilikuwa kimeweka pango lenye malaika anayeshika bango la kumtukuza Mungu kwa Kilatini. Nje ya jengo jingine la serikali, karibu na hapo, ilisimama menora ya futi 18 kando ya mti wa Krismasi wa futi 45. Mahakama ya Juu ikasema pango litoke, menora ibaki. Menora ilisalimika kwa kuwa ilikuwa pamoja na mti na bango la kusifu uhuru. Pango lilikosea kwa kuwa peke yake na kusema waziwazi lilichokuja kusema. Watu wa kawaida wakatunga jina, kanuni ya kulungu wa plastiki: ukitaka kumweka Yesu kwenye ngazi za serikali, mzungushie vitu vya dukani mpaka asionekane sana. Sijui muumini gani angeipokea kanuni hiyo kwa furaha kama angeifikiria hadi mwisho.

Kesi iliyonikalia kooni ni ya Bladensburg, Maryland. Pale kwenye makutano ya barabara, nje kidogo ya Washington, kuna msalaba wa zege wa futi 40. Akina mama waliopoteza watoto katika Vita vya Kwanza vya Dunia ndio walioanza kuchangisha, na ulikamilika mwaka 1925. Bamba lake lina majina ya askari 49 wa kaunti ya Prince George's, Weusi na Weupe pamoja, katika enzi ambayo jimbo lilikuwa likiwatenganisha hao hao kwenye mabehewa na mashuleni. Mwaka 1961 ardhi ile ikachukuliwa na mamlaka ya umma kwa sababu ya msongamano wa magari, na tangu hapo kodi za watu wa dini zote zikawa zinaukarabati.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliamua 7 dhidi ya 2 kwamba ubaki. Jaji Samuel Alito aliandika kwamba muda umeupa msalaba ule maana ya kihistoria, na kwamba kuubomoa leo kungeonekana kama uadui kwa dini. Ginsburg alipinga tena. Alisema msalaba ni alama ya Ukristo, na haufai kuwaenzi askari wa dini nyingine waliokufa kwa ajili ya nchi yao. Nikiwa mbele ya majina yale 49 nisingetaka mtu aje na nyundo. Mama aliyemzika mwanawe bila mwili, mwili ukiwa Ufaransa, ana haki ya kuachiwa kumbukumbu yake. Lakini kwa hoja Ginsburg yuko sahihi, na nampa haki yake mimi Mkristo kuliko ninavyompa Alito. Msalaba wangu unasema Kristo alikufa na akafufuka. Mahakama ikiniambia kwamba baada ya miaka 90 unasema jambo jingine, la historia ya mji, imenipa jiwe na kuchukua ujumbe. Ningeona vema zaidi kama ardhi ile ndogo ingerudishwa kwa chama cha maveterani au kwa kanisa, msalaba ukabaki palepale na maana yake yote.

Na Waislamu nao wana kesi yao ya heshima isiyoombwa. Ukumbi wa Mahakama ya Juu, katika jengo lililofunguliwa mwaka 1935, una michongo ya watunga sheria 18 wa historia, wakiwamo Hammurabi, Musa, Suleimani, Konfusio na Napoleon. Yumo pia Mtume Muhammad, ameshika upanga na Kurani. Aliyechonga alikusudia kumtukuza. Mwaka 1997 jumuiya za Kiislamu ziliomba sura hiyo iondolewe, kwa kuwa kumchora Mtume kwao ni jambo lisilofaa, na Jaji Mkuu William Rehnquist akakataa, ingawa maelezo wanayopewa watalii yalirekebishwa. Serikali ikianza kuheshimu dini kwa namna yake, haina budi kuchagua namna, na mwenye dini hana tena kauli.

Ndiyo maana nadhani swali la kwanza kwenye kila kesi ni nani anasema. Mahakama yenyewe imekuwa ikilikaribia polepole. Mwaka 2009 iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba mnara wa kudumu katika bustani ya mji ni kauli ya mji wenyewe. Kesi ilitoka Pleasant Grove, Utah, ambako kikundi kidogo cha dini kiitwacho Summum kilitaka kuweka jiwe la mafundisho yake karibu na jiwe la Amri Kumi. Wakanyimwa, kwa sababu mji una haki ya kuchagua unachosema. Halafu mwaka 2022, tena kwa kauli moja, likaja suala la Boston. Jiji lile lilikuwa likiwaachia wananchi mlingoti mmoja mbele ya ofisi zake. Kati ya 2005 na 2017 liliruhusu hafla 284 za kupandisha bendera, nyingi za mataifa, nyingine za vikundi, hata ya benki moja ya mtaani. Aliyetaka bendera ya Kikristo akakataliwa. Mahakama ikasema jiji lilikuwa halijasimamia chochote, mlingoti ulikuwa mdomo wa wananchi, na huwezi kumfunga mmoja mdomo kwa sababu ya dini yake. Boston ikabadilisha utaratibu, sasa bendera hupandishwa kwa uamuzi wa jiji lenyewe.

Kwa hiyo mji una njia mbili za haki. Ama ufungue uwanja kwa wote na kuvumilia, ama uufunge kwa wote. Njia ya tatu, ya kuufungua kwa jirani tunayempenda, ndiyo inayozaa kesi. Santa Monica, California, walikuwa na mapango ya Krismasi katika bustani iliyo juu ya bahari tangu 1953. Mwaka 2011 wasioamini Mungu wakaingia katika bahati nasibu ya nafasi na kuzoa nyingi. Mwaka uliofuata jiji likafunga kabisa. Makanisa yalihuzunika, nami naelewa, ila yale mapango yaliweza kuhamia kwenye viwanja vya makanisa na watu binafsi, ambako hakuna bahati nasibu.

Oklahoma walijaribu mlango mwingine. Jiwe la Amri Kumi liliwekwa kwenye uwanja wa bunge la jimbo mwaka 2012, na haikuchukua muda kikundi kinachojiita The Satanic Temple, yaani Hekalu la Shetani, kikaomba nafasi ya sanamu yake yenye kichwa cha mbuzi. Watu walizungumza sana juu ya mbuzi huyo. Kilichonigusa mimi ni kwamba aliyeongoza orodha ya walalamikaji dhidi ya jiwe lile alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, mtoto halali wa wale wa Danbury. Mwaka 2015 mahakama kuu ya jimbo ikaamuru liondolewe kwa kuwa katiba ya Oklahoma inakataza mali ya umma kutumika kwa manufaa ya dini yoyote. Mwaka 2016 wananchi wakaulizwa kwa kura kama wanataka kifungu hicho kifutwe. Oklahoma, jimbo la makanisa kila kona, likasema hapana.

Amri Kumi ndizo zinazorudi tena na tena. Kentucky imefika Mahakama ya Juu mara mbili kwa ajili yake. Mwaka 1980 ilikatazwa kuzibandika madarasani. Tarehe 27 Juni 2005 ikakatazwa tena, kwa kura 5 dhidi ya 4, kuzitundika katika majengo ya mahakama ya kaunti mbili, na siku hiyohiyo, kwa kura hizohizo 5 dhidi ya 4, Texas ikaruhusiwa kuacha jiwe la mwaka 1961 kwenye uwanja wa bunge lake huko Austin. Jaji mmoja tu, Stephen Breyer, ndiye aliyevuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine: Kentucky nia ilikuwa mpya na ya kidini, Texas jiwe lilikuwa limekaa miaka 40 bila kumkera mtu. Hukumu hizi zimedhoofika tangu mwaka 2022, Mahakama ilipoamua, katika kesi nyingine isiyo ile ya Boston, kwamba kipimo sasa ni historia na mila. Louisiana ikachukua nafasi hiyo. Juni 2024 Gavana Jeff Landry alitia saini sheria ya kubandika Amri Kumi katika kila darasa la shule za umma, na mwaka 2025 Texas ikafuata. Mashtaka yamefunguliwa katika majimbo yote mawili.

Sheria ya Louisiana imeandika mpaka maneno yenyewe, na hapo ndipo nilipo na ugomvi nayo. Katika mafundisho ya kipaimara kwetu, tulizikariri amri kwa mpangilio wa Martin Luther, ambao Wakatoliki nao wanaufuata: ya pili ni kutolitaja bure jina la Bwana, ya tano ni usiue. Amri ya kutojifanyia sanamu haisimami peke yake. Kwa Waanglikana na Wapentekoste inasimama, ni ya pili, na usiue inakuwa ya sita. Kwa Wayahudi amri ya kwanza ni Mungu kujitambulisha kwamba ndiye aliyewatoa Misri. Bango la Louisiana linafuata Biblia ya Kiingereza ya Kiprotestanti, na limeiweka sanamu katika mstari wake, tena katika jimbo lenye Wakatoliki wengi kiasi kile. Wabunge wa jimbo wamekaa wakaamua suala ambalo makanisa yamelijadili kwa karne nyingi, na hakuna aliyewachagua kwa kazi hiyo.

Maisha ya kila siku huku, nje ya mahakama, yana ustaarabu ambao kesi hazionyeshi. Mimi napigia kura katika ukumbi wa kanisa ambalo si la dhehebu langu, kama ilivyo kwa Wamarekani wengi. Foleni inapita chini ya msalaba, na ndani yake wamo kina mama wa Kisomali wenye mitandio, wamo wazee wa Kibantu wa Somalia wanaozungumza Kizigula, lugha iliyovuka bahari na utumwa kutoka upande wa Tanga. Sijasikia mmoja akilalamika. Kanisa limekopesha ukumbi na vipeperushi vyake havigawiwi siku hiyo. Siku tulipoapa kuwa raia, maneno ya mwisho yalikuwa ya kumwomba Mungu msaada, na sheria inamruhusu asiyetaka ayaache. Niliyatamka kwa sauti, na jirani yangu alinyamaza, na cheti tulipata sawa.

Hamtramck, Michigan, mji mdogo uliozungukwa na Detroit, una hadithi ninayoirudia kwa kila anayedhani atakuwa wengi milele. Ulikuwa mji wa Wapolandi Wakatoliki. Wayemeni na Wabangladeshi wakahamia. Mwaka 2004 madiwani waliruhusu msikiti kutoa adhana kwa kipaza sauti, katika kanuni iliyotaja adhana na kengele za kanisa kwa pamoja, na wapiga kura wakaithibitisha. Miaka ikapita. Januari 2022 meya na madiwani wote wakawa Waislamu. Juni 2023 wakapitisha azimio kwamba kwenye milingoti ya mji zisipandishwe bendera za vikundi vya dini, kabila, siasa wala mwelekeo wa kijinsia, na bendera ya upinde wa mvua, ile ya wapenzi wa jinsia moja, ikakosa nafasi. Wakazi waliowahi kuitetea adhana walijiona wamesalitiwa, na uchungu wao naufahamu. Ila azimio lile liliizuia pia bendera yoyote ya Kiislamu, na mlingoti wa mji ni sauti ya mji. Kipaza sauti cha msikiti ni sauti ya msikiti. Minneapolis walielewa hivyo Aprili 2023, walipolegeza kanuni za kelele ili adhana isikike nyakati zote tano, alfajiri ikiwamo, bila jiji kumwambia mtu yeyote asali.

Katika ibada yetu ya Kiswahili kuna mama mmoja Mkongomani wa Uvira, Mpentekoste, ambaye dada yake yuko Texas na watoto wa shule. Aliniuliza baada ya ibada: "Ndugu, neno la Mungu likiwa ukutani mwa darasa, sisi tulie nini?" Nikamwambia mtoto wake anaruhusiwa kubeba Biblia, kusali kabla ya kula, kukutana na wenzake wanaosali, na kukaa kimya wengine wakiapa kwa bendera, hilo la mwisho liliamuliwa mwaka 1943, kwa ajili ya watoto wa Mashahidi wa Yehova wa West Virginia. Mwalimu ndiye asiyeruhusiwa kuwaongoza. Tukafungua Kutoka 20, tukahesabu amri kwa mpangilio wake, kisha kwa wangu, na tukaachana katika ile ya pili. Akatikisa kichwa. "Na mtoto akimuuliza mwalimu ipi ni ya pili?" Nikamwambia mwalimu yeyote atakayejibu swali hilo atakuwa anahubiri. Alitoa simu palepale akamtumia dada yake ujumbe wa sauti, amwulize mkuu wa shule maneno ya lile bango yametoka katika Biblia ipi, na nani aliyeichagua.